Samaki Aliyechimbwa kwa Jembe

Kisarawe,
3 Machi 1954

Kwa Bi. Mwanamkuu binti Kibwana,
Visiga, Kibaha.

Kwa miaka ishirini na miwili nimeficha barua ya Kiingereza yenye kurasa mbili. Imo ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda changu, na inasema kwamba kitoweo ulichotupikia siku ya arobaini ya baba yako kilikuwa samaki.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu barua hii nimekwisha kuiandika mara tatu nikianza na salamu, na kila mara salamu zilirefuka mpaka nikachoka, nikalala, na nilipoamka nikaichana. Sasa salamu. U hali gani, dada? Mwanao Sikuzani hajambo? Ni mimi Mwinjuma, niliyekuwa mwalimu wa shule ya Vihingo na mkusanyaji wa samaki wa yule Mzungu tuliyemwita Bwana Samaki.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa. Ulikuwa mwaka wa nzige. Mbuzi hakuna, kuku hakuna, na arobaini ya Mzee Kibwana imefika. Ulichukua jembe ukaenda kwenye dimbwi lililokauka nyuma ya shamba lenu, ukachimba kambare mamba waliolala ndani ya udongo, ukawapika. Hitima ilisomwa, watu wakala wakashiba. Ndipo Salumu, aliyekuwa mumeo, aliposimama na kumwuliza Sheikh mbele ya watu: kiumbe kinachotolewa chini ya ardhi kavu, miezi mitano hakijaona maji, kinahema na kuguna, je, ni samaki? Samaki hachinjwi, maiti yake ni halali. Bali kiumbe kinachoishi majini na nchi kavu, sisi hatukili.

Sheikh, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mkweli. Alisema yeye kiumbe hiki hakijui, aulizwe anayejua. Watu wote wakanigeukia. Niliahidi kumwandikia Bwana Samaki, na baada ya wiki tatu nikasimama kwenye baraza la msikiti na karatasi mkononi, nikawasomea kwamba yule si samaki, ni mnyama mwenye mapafu, ndugu wa mamba na kenge.

Dada, nilisoma vibaya. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa bado kichanga. Nilipofika penye neno la mapafu nilitaharuki nikaishia hapo, sikugeuza ukurasa. Miaka ilipopita niliisoma tena nikaona kosa, nikaona haya, nikaifungia koponi.

Daktari anasema mapafu yangu mwenyewe yamejaa maji. Nalala nimekaa. Sitaki kwenda na jambo hili. Naomba radhi yako.

Wako katika Uislamu,
Mwinjuma bin Mbwana


Visiga,
12 Machi 1954

Kwa Mwalimu Mwinjuma,

Shikamoo. Nakupa kwa sababu ya umri wako na kwa sababu nilizoea.

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la mkaa. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu za chuoni, maana hizo zako za shule sikufundishwa. Ukishindwa kusoma utatafuta mtu, kama mimi nilivyomtafuta mtu anisomee ya kwako. Ni Athanas, mwalimu wa shule ya misheni, jirani yangu. Alipofika penye neno "samaki" aliniangalia. Nikamwambia, "Soma, baba, mimi si wa kuzimia."

Unaniuliza kama nakumbuka. Nani mwingine akumbuke? Wewe ulisoma karatasi ukaenda kula chakula cha mchana. Mimi tangu siku ya hitima, Salumu alipouliza, niliona wanawake nyuma ya jiko langu wakitia vidole kooni. Chungu cha mama yangu kilivunjwa. Hitima ya baba yangu ilirudiwa Alhamisi iliyofuata, na mimi binti yake nikakatazwa uani. Nilisimama katikati ya mihogo nisikie jina la baba yangu likitajwa, upepo ukalipeleka upande mwingine. Wiki ile ile Salumu akaniandikia talaka. Nikambeba Sikuzani mgongoni, ana miezi saba, nikaja huku kwa mjomba. Watoto wa Vihingo walinisindikiza mpaka njia panda wakiimba "Mama Mamba, Mama Mamba." Tangu siku ile sijapika samaki wa aina yoyote, hata dagaa. Nauza maandazi.

Adui yangu nilimjua mapema. Ni Mwanne. Siku ile ya kuchimba nilikuwa naye. Ndiye aliyeshika kikapu. Nani mwingine alijua kwamba wametoka kwenye udongo mkavu? Akaenda kumjaza Salumu maneno, na eda yangu ilipokwisha tu, Salumu akamwoa yeye. Salumu alikufa mwaka wa arobaini na tatu, Mwanne amekufa masika iliyopita. Akiwa mgonjwa alituma watu mara mbili niende. Sikwenda. Mara ya pili alituma na kanga mpya, nikairudisha na mkunjo wake.

Sasa nikuulize jambo ambalo barua yako imeliruka. Asubuhi ya hitima, kabla sijawasha moto, nilikuja mlangoni kwako na kambare mmoja kikapuni. Nilikuuliza, "Mwalimu, wewe ndiye unayewajua. Huyu ni samaki, au ni kitu gani?" Ulimgeuza tumbo juu. Ukamfunua shavu kwa kijiti, ukatazama ndani. Ukaniambia, "Pika, dada. Samaki huyu."

Sheikh aliponiuliza nani alinipa idhini ya kupika kile kitu, nilisema ni akili yangu mwenyewe. Sikukutaja. Nilidhani umekosea kwa nia njema, na Mzungu amekusahihisha. Nikasema moyoni, tukimvunjia heshima mwalimu, watoto watafundishwa na nani? Nimelikalia neno hilo miaka yote. Hata mama yangu alikufa hajui.

Je, umelisahau?

Niletee hiyo barua. Si nakala. Na wewe uende Vihingo, usimame pale pale uliposimama, uisome tena mpaka mwisho.

Mwanamkuu binti Kibwana


Kisarawe,
22 Machi 1954

Kwa Bi. Mwanamkuu,

Marahaba. Mwandiko wako nimeusoma mwenyewe. Ni mzuri kuliko wangu.

Sikusoma vibaya. Hilo la Kiingereza kichanga lilikuwa uongo, na mtu wa umri wangu kuongopa kwenye barua ya kuomba radhi ni fedheha ambayo sikuijua mpaka uliponijibu. Niliisoma barua yote siku ile ile niliyoipokea, nikaielewa.

Acha nikueleze nilivyofundishwa, upime mwenyewe. Kwenye veranda ya Bwana Samaki kulikuwa na rafu ya chupa. Siku ya kwanza alinipa viumbe wa pwani na wa mto waliochanganywa, akaniambia, "Wapange." Nikapanga kama watu wetu wanavyopanga: wa bahari huku, wa mto huku, wa matope peke yao, na kila anayeliwa mbele ya asiyeliwa. Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Akaondoa pweza akasema, huyu hana mfupa hata mmoja, ni ndugu wa konokono. Akaondoa picha ya nyangumi na picha ya nguva, akasema hawa wananyonyesha, ni ndugu wa ng'ombe kuliko wa changu. Kisha akamleta mkunga, ambaye mimi nilimweka karibu na nyoka, akamrudisha kwa samaki. Alisema, "Usiulize anakaa wapi, wala anafanana na nani, wala nani anamla. Fungua shingo. Tazama mashavu anayohemea majini, tazama mapezi, tazama mfupa wa mgongo."

Na barua inasema hivi, nakutafsiria: "Kambare mamba ana mapafu, na kiangazi hulala ndani ya udongo akivuta hewa kwa tundu dogo. Pamoja na hayo ana mashavu, ana mapezi manne membamba kama nyuzi, na magamba madogo yamefunikwa na ute. Ni samaki bila shaka yoyote, na wa ukoo wa kale sana. Wanaosema ni mjusi wanadanganywa na umbo lake." Baada ya hapo anaomba nimpelekee thelathini, wakiwa hai, wamelala ndani ya mabonge yao ya udongo, awasafirishe Ulaya. Nikifanikiwa atanipatia kazi ya kudumu na uhamisho wa Kisarawe.

Thelathini, dada. Dimbwi la kwenu ndilo peke yake walikopatikana wengi, na wewe ulikuwa na ufundi ambao mimi sikuwa nao. Nilikuona. Ulikuwa unapiga vidole kwenye udongo mkavu, taratibu, kama matone ya mvua ya kwanza, kisha unainama kusikiliza. Yule aliyelala chini akidhani masika yamekuja, anaguna, na wewe unajua pa kupiga jembe. Siku ya hitima ulitoa kumi na saba. Mimi kwa mwezi mzima nilikuwa nimepata wawili, na mmoja nilimkata na jembe.

Nilijua watu wakisikia ni haramu hakuna atakayechimba tena. Ndivyo ilivyokuwa. Nilipata thelathini wangu.

Kuhusu ulivyokuja mlangoni kwangu, nakumbuka. Nilikujibu kwa kukisia tu, kama mtu yeyote. Habari za marehemu Mwanne tuziache, mtu akishakufa haisaidii kumtajataja.

Barua yenyewe hii hapa, ile ile. Ukurasa wa kwanza mchwa wameula pembeni, utaniwia radhi. Kwenda Vihingo siwezi. Kutoka kitandani mpaka mlangoni napumzika mara mbili. Nitaacha wasia isomwe nikishazikwa.

Mwinjuma


Visiga,
5 Aprili 1954

Mwalimu,

Shikamoo nimeiacha nyumbani leo.

Athanas ameisoma barua yako ya Kiingereza mara mbili, polepole, na akaniandikia Kiswahili chake pembeni. Tafsiri yako ni sahihi. Nilimwambia, unaona, Mwalimu wetu ni hodari, anaposoma mpaka mwisho.

Kisha Athanas aliinua ukurasa wa kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Ni mtu mpole, hapendi ugomvi. Akasema, "Mama, mchwa wa Kisarawe wana mkasi?" Nilipitisha kidole. Ule ukingo umenyooka kama pindo la kanzu. Mchwa hawali hivyo, Mwalimu. Nimeishi kwenye nyumba za udongo maisha yangu yote. Mchwa anakula kwenda na kurudi, na anaacha mavi yake.

Pembe ya juu, upande wa kulia. Athanas anasema pale ndipo Wazungu wanapoandika mahali na tarehe.

Unasema utaacha wasia. Yaani mimi nisubiri ufe ndipo niwe msafi? Na nikifa kabla yako? Wewe una maji mapafuni, mimi nina presha. Unasema ulichimba thelathini. Nilikuwa sijui. Nilidhani dimbwi la baba limekaa salama kwa sababu yangu, angalau wale samaki wamepata faida. Kumbe ulikuwa unavuna mwenyewe kwenye shamba ulikowafukuza watu.

Nitakwenda Vihingo mimi, Ijumaa ya tarehe 23, na Athanas atanisindikiza asome. Kaka yangu Mwinyimadi sasa ndiye mkubwa wa nyumba yetu na ndiye anayekaa mbele barazani. Hajaniita dada tangu mwaka ule. Nitaona atasemaje.

Kama pale palipokatwa pana kitu, nitumie kabla ya siku hiyo.

Mwanamkuu


Kisarawe,
14 Aprili 1954

Bi. Mwanamkuu,

Ni kweli nilikata. Palikuwa na anwani ya nyumbani kwa Bwana Samaki, na nilidhani si vizuri iende mikononi mwa watu. Hapakuwa na kingine cha kukufaa.

Nakuombea safari njema. Mvua ni kubwa, njia ya Vihingo ina matope, kodi punda. Barua uliyo nayo inatosha. Inasema ni samaki. Si ndilo ulilolitaka?

Mwinjuma


Visiga,
27 Aprili 1954

Mwalimu Mwinjuma,

Nimerudi. Miguu imevimba lakini nimerudi.

Niliingia Vihingo kabla ya sala. Nilipita kando ya dimbwi la baba, limejaa maji mpaka kwenye njia. Sikusimama. Nilipita pia makaburini, mtu akanionyesha kaburi la Mwanne, bado bichi kwa mvua, limeota majani. Pale pia sikusimama. Binti yake alitoka na kata ya maji akasema, "Shikamoo mama, kunywa upumzike." Nilimwambia sina kiu. Nilikuwa na kiu, Mwalimu.

Baada ya sala Mwinyimadi aliwazuia watu. Athanas alisimama chini ya baraza, maana alisema yeye ni Mkristo asije akakosea mahali pa kukanyaga, na akasoma. Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Wengi waliokula siku ile wamekufa. Wamebaki saba, niliwahesabu. Mzee Mwishehe, unamjua kwa mdomo wake, ndiye aliyeanza.

"Ina maana mimi nilitapika kitoweo cha halali?"

Mtu akamjibu, "Ulitapika, na ukafunga siku tatu za kafara."

"Na nilikuwa nimekula vipande vinne! Nirudishieni. Mwanamkuu, huna vingine?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, naapa. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa Vihingo kucheka na mimi nikiwemo. Nilidhani mambo yamekwisha.

Ndipo Mwinyimadi akasema, kwa sauti yake ile ya kikubwa, "Basi tumekusamehe. Ulipika bila kujua, Mungu akajaalia ikawa halali. Mtu asiyejua hana lawama."

Nilimwambia, "Kaka, sikuja kusamehewa. Mimi sikupika bila kujua. Niliuliza kwanza."

"Ulimwuliza nani?"

"Nilimwuliza Mwalimu Mwinjuma, mlangoni kwake, asubuhi ile. Akaniambia nipike, ni samaki."

Hapo kicheko kikaisha. Mwinyimadi akatikisa kichwa. "Dada," na hilo ndilo neno nililolisubiri miaka yote, akalitumia kwa hili, "dada, usimwongezee mgonjwa. Mwalimu alimwandikia Mzungu baada ya hitima, sote tulikuwapo. Angekuwa anajua, angeandika kuuliza nini? Na kama ulimwuliza, mbona hukusema siku ile?"

Nimjibu nini? Kwamba nilinyamaza kukuhifadhi? Wangecheka tena, na safari hii mimi nisingekuwemo. Mzee Mwishehe alisema taratibu, "Mwache, uzee huo. Anachanganya." Nikaondoka Vihingo nikiwa mwanamke aliyekwenda mwenyewe na jembe lake kuwalisha watu asichokijua, akabahatisha. Wamenisamehe ujinga. Walinifukuza nikiwa mchafu, sasa wamenipokea nikiwa mjinga, na Mwinyimadi amenikaribisha Idi.

Baba yangu hakulea mjinga. Niliuliza. Hilo tu ndilo ninalolitaka lijulikane: kwamba binti Kibwana, siku ya hitima ya baba yake, aliuliza kabla hajawasha moto, alimwuliza mtu anayepaswa kuulizwa, na akajibiwa.

Njiani Athanas alifikiri sana. Tulipofika Visiga akasema, "Mama, jibu liko kwenye kile kipande. Kama tarehe ya barua ni baada ya hitima, kaka yako ana haki. Kama ni kabla, Mwalimu aliijua kweli wakati ulipomwuliza, na kule kumwandikia Mzungu hakukuwapo."

Mwalimu, uliandika? Zile wiki tatu tulizosubiri, mimi nisile, nisilale, nikihesabu siku za posta, je, kulikuwa na barua yoyote njiani?

Mungu amrehemu adui yangu Mwanne kama anarehemeka. Yeye alifanya kwa wivu, na wivu naujua. Wako wewe siuelewi. Nijibu ukiwa bado unahema.

Mwanamkuu binti Kibwana


Kisarawe,
2 Mei 1954

Kwa Bi. Mwanamkuu binti Kibwana,

Naandika nimekaa, karatasi juu ya kitabu, mstari mmoja kisha napumzika. Usiku nalazimika kuinuliwa nipate hewa. Nitasema yaliyobaki na sitasema mengine.

Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha karatasi kama vidole viwili. Nilikikata kwa mkasi tarehe 21 Machi, usiku wa kuamkia siku niliyokuandikia. Sikukitupa. Kiunganishe na ukurasa wa kwanza, utaona mistari inakutana. Imeandikwa: tarehe 7 Septemba 1931. Hitima ya baba yako ilikuwa Alhamisi, tarehe 29 Oktoba. Athanas yuko sahihi.

Sikuandika barua yoyote baada ya hitima. Kwa wiki tatu nilikwenda shule, nikafundisha, nikarudi, na kila aliyeniuliza nilimwambia posta ya mwaka huu ni nzito. Hata wewe ulikuja ukasimama mbali, ukauliza kwa ishara ya mkono, nami nikatikisa kichwa. Barua niliyowasomea barazani ilikuwa tayari imekunjamana kwa kukaa mfukoni karibu miezi miwili.

Ulipokuja mlangoni kwangu na kikapu, ilikuwa mfukoni. Sikukisia. Nilimfunua shavu yule samaki kwa sababu nilitaka kuona kwa macho kile nilichokisoma, na nikakiona, yale mashavu mekundu, madogo, yapo. Nilifurahi. Nilikuambia upike kwa sababu ilikuwa kweli. Katika habari yote hii ya samaki nilisema kweli mara moja tu, na nilikuambia wewe, saa mbili asubuhi, na hapakuwa na shahidi.

Karatasi ya pili iliyomo ni kwa Mwinyimadi na watu wa baraza. Inasema uliniuliza kabla ya kupika, kwamba nilijua, kwamba nilikujibu ni samaki, na kwamba niliwasomea uongo. Nimetia sahihi na dole gumba vilevile, mbele ya imamu wa hapa na mashahidi wawili, wasije wakasema mgonjwa alichanganya. Isomwe nikiwa hai. Mwanangu ataleta bahasha hii kwako, na karatasi hiyo anataka kuipeleka Vihingo mwenyewe Ijumaa hii. Nimemkubalia.

Kati ya samaki thelathini, walifika Ulaya wakiwa hai wanne. Bwana Samaki aliandika kushukuru. Kazi niliipata, na nyumba hii ninayofia niliipata kwa kazi hiyo.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeisoma tena barua yako ya tarehe 27, ile sehemu ya kata ya maji, na siwezi kuishia hapo.

Umeniandikia mara mbili kuhusu Mwanne, na mara zote mbili niliusoma mstari ule nikashukuru kwamba hukuuliza. Sasa nitakuambia bila kuulizwa. Siku ile wanaume tulikuwa kwenye jamvi moja, mimi nimekaa mkono wa kulia wa mumeo. Chungu kilipofunuliwa nilihesabu vichwa vya samaki. Vijana wa kwenu walikuwa wanasifu kitoweo, wanasema kesho asubuhi wote na majembe dimbwini, wamalize waliobaki kabla ya vuli. Nilikuwa nimekwisha kula sahani mbili. Nilinawa mikono. Mwanne wakati huo hakuwapo uani wala jikoni. Alikuwa amekwenda kisimani kukutekea maji, nilimwona akipita na mtungi, na alirudi wakati Salumu amekwisha kusimama.

Hakumwambia Salumu neno lolote, wala siku ile, wala kabla yake. Aliyeinama sikioni mwa Salumu na kumwuliza, "Hivi unajua mkeo amewatoa wapi hawa, na nani kawachinja?" ni mimi.

Mwinjuma bin Mbwana